Salamu za Mwandishi

Mount Druitt, Sydney
4 Februari 2024

Yaya Nsimire, dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Sisi watu wa Bukavu hatukuzaliwa na neno hili, lakini wewe uliolewa Kigoma na mimi sina budi kuwaheshimu shemeji zangu.

Huku tupo, tunachomwa. Jana joto lilifika mahali ambapo hata nzi walikuwa wanaomba hifadhi kwenye friji. Mke wangu Cécile bado yuko kwenye ghala la Wetherill Park, anapakia masanduku kutwa nzima. Mgongo unamlalamikia, yeye haujibu. Mtoto wetu Ange ameingia mwaka wa pili wa chuo. Namwuliza kwa Kiswahili, ananijibu kwa Kiingereza, na kila mmoja wetu anaamini ndiye aliyeshinda. Na macho yako? Daktari alisema nini? Barua yako ya Desemba mistari ilikuwa inapanda mlima, nikadhani umeielekeza Bukavu.

Sasa nikupe kichekesho. Unakumbuka pale kambini Nyarugusu walivyokuwa wananiita Mister? Mister Akilimali, mwalimu wa Kiingereza, tai moja na mashati mawili. Niliwafundisha watoto wa watu kwamba Kiingereza ni suti: ukienda kwa wenyewe utawakuta wameivaa imenyooka, nawe usiende na mikunjo. Yaya, nimefika kwa wenyewe. Wamevaa malapa.

Meneja wetu pale nyumba ya wazee, karibu na Westmead, anaitwa Leanne. Amezaliwa hapahapa, bibi yake alizaliwa hapahapa, na ukutani ana vyeti viwili vya chuo kikuu. Mimi niliyetoka kambini ilibidi nifanye mtihani wa kuandika Kiingereza ndipo nikubaliwe kuwaogesha wazee, na mara ya kwanza nilianguka. Leanne hakuulizwa na mtu. Na akikaa kumwandikia binti anayemwulizia mama yake, barua inatoka hivi: “Mama mzima. Kala. Hakuna shida.” Basi. Kama mtu anayepiga kelele huku basi linamwacha. Nao mabosi zake wa makao makuu wanaandika kurasa tatu, ukimaliza hujui kama umeongezewa kazi au umefiwa.

Siku moja aliniita. “Aki, wewe si ulikuwa mwalimu? Nitupie jicho hii.” Nikatupa jicho. Tangu hapo ni miaka miwili, na familia zote zinapata barua nilizoandika mimi, kwenye kompyuta yake, kwa jina lake. Programu zile za kujiandikia tumekatazwa kuzipa habari za wazee, kwa hiyo ananitumia mimi.

Anayezipenda zaidi ni Helen, yuko Perth, mbali kama Kigoma na Kairo. Mama yake, Bi. Dulcie, zamani alikuwa anavusha watoto wa shule barabarani. Sasa anakaa dirishani na kuyaongoza magari ya maegesho kwa mkono. Nikimwandikia Helen mambo hayo, anajibu: “Leanne, nimelia na nimecheka. Asante kwa kumwona mama yangu.” Leanne ananisomea huku anafuta macho. Nami najiona Mister tena.

Usinicheke sana.

Mdogo wako,
Akilimali


Kigoma
10 Machi 2024

Akili mdogo wangu,

Marahaba. Nimecheka mpaka majirani wamekuja kuuliza. Kumbe wenzako wanahangaika na akili bandia, huyo Leanne yeye kajipatia Akili mzima na anampa chai tu!

Mvua hapa zimeanza, ukuta wa jikoni umelowa, dagaa hawakauki. Shemeji zako wanakusalimu. Macho yapo. Yanawaona vizuri wanaokuja kuomba sukari.

Ila kuna kitu kimenikaa kooni tangu niisome barua yako. Unamkumbuka Papa, baba yetu, pale mlango wa posta, Bukavu, na meza yake na mashine ya kupiga chapa isiyokuwa na herufi ya R? Wake wa askari walikuwa wanakuja kumwambia maneno, yeye anaandika. Alikuwa anakataa kuyapamba. Mke akisema “mbuzi amekufa na wewe hurudi,” Papa aliandika hivyohivyo, hata Mama yetu alipomshauri alainishe. Alisema mume lazima amsikie mke wake humo, si yeye. Na mwishoni, chini ya dole gumba la mwenye barua, aliweka lile tuliloliimba kama wimbo tukienda shule: “Nami mwandishi, Mugisho wa mlango wa posta, nakusalimu.”

Watu walimcheka. Anawasalimu askari wa Kisangani, anawajua? Lakini sajini mmoja wa huko aliporudi, alipita kwanza posta na samaki mkavu mkononi. “Mugisho ni nani hapa? Miaka mitatu ananisalimu.” Papa alinieleza siku hiyo. Barua imepita mkono wa mtu wa tatu, anayepokea ana haki ya kujua kwamba chumbani walikuwa watatu.

Nakuuliza tu. Huyo Helen anajua chumbani mko wangapi?

Dada yako,
Nsimire


Mount Druitt
28 Aprili 2024

Yaya,

Shikamoo. Swali lako nimelipata na nimelikalia. Yaya, Kiingereza cha ofisini hakina mahali pa kuweka salamu za mwandishi. Nikiandika chini “Nami Akilimali wa zamu ya asubuhi nakusalimu,” wataniitia daktari. Na kuhusu kupamba, sawa, nakiri, napamba. Barua za Leanne zinasikika kama Mister Akilimali akihutubia mahafali. Lakini zinapendwa! Papa alikuwa anaandikia wake wa askari. Mimi naandika kwa lugha ya watu, nyumbani kwao, na wenyewe wanalia.

Ngoja nikupe habari yenyewe. Imetangazwa nafasi ya mratibu wa familia. Ni kazi ya ofisini, mezani, kuwaandikia watu wenye wazee wao kwetu na kuwapokea wakija. Yaani ni kazi ninayoifanya tayari, ila iwe na jina langu. Yaya, naitaka nafasi hii mpaka naona haya. Nimeinua wazee miaka minane, na mabega yangu sasa ni ya kwao. Lakini si mabega. Nataka mtu aandike “Ndugu Akilimali, nimelia na nimecheka.”

Leanne alipiga meza. “Aki, hii ni yako! Ningekuwa na hatia nisipokusemea.” Akaniambia niandike mwenyewe barua ya kunipendekeza, yeye atatia sahihi. Ndivyo wanavyofanya huku. Nikajisifu kwa kiasi, nikamwonyesha Cécile, akasema nimejidharau. Nikamwonyesha Ange, akasema, kwa Kiingereza, kwamba inafaa kusomwa mazishini. Na barua ya maombi nayo nimeiandika kwa siku tatu. Ni nzuri, Yaya. Nasema bila aibu.

Salamu kwa wote. Bado Médiatrice jirani yako anaimba kwaya? Nilipokuja mwaka ule, sauti yake ilikuwa inatoka kanisani kabla ya padri kumaliza baraka. Mwambie Mungu si kiziwi.

Hujanijibu kuhusu daktari wa macho.

Akilimali


Kigoma
2 Juni 2024

Mdogo wangu Akilimali,

Marahaba. Barua yako imefika salama na imesomwa. Sote ni wazima. Mvua zimekwisha. Ukuta wa jikoni umetengenezwa.

Nafasi hiyo nakuombea uipate. Ulistahili meza tangu zamani.

Kuhusu kwaya, wenyewe wanasema sauti hiyo ndiyo inayowashika wengine wasipotee njia.

Daktari alikuja kutoka Tabora, ametazama, ameondoka. Usihangaike na hilo. Andika habari zako, ndizo zinazonichangamsha.

Swali langu la Machi hukulijibu, uliliruka.

Dada yako,
Nsimire


Mount Druitt
14 Julai 2024

Yaya,

Shikamoo. Kwanza hongera! Barua yako ya Juni imenyooka, mistari imelala kama wanafunzi wa bweni. Nimemwonyesha Cécile, nikamwambia, ona, macho ya Yaya yamepona. Fupi kidogo, lakini nimeshukuru Mungu kwa ile mistari.

Baridi hapa imeingia kwenye mifupa. Kila mtu yuko salama. Kazi sikuipata.

Nimeandika sentensi hiyo nikaenda kunywa chai, nimerudi bado ipo.

Alinipigia mama mmoja wa makao makuu, mwenye adabu kabisa. “Ndugu Akilimali, barua yako ya maombi ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote.” Nikasema asante. “Ndilo tatizo letu. Inafanana mno na barua za meneja wako kwa familia, namna ya kuanza, namna ya kusimulia, hata vichekesho. Tulimwuliza kama aliiandika yeye.” Nikaanza kucheka, Yaya. Nilidhani sasa ndipo mlango unafunguka. Nikauliza, “Akasemaje?”

“Alisema alikusaidia kidogo.”

Alinisaidia. Kidogo.

Nilipomwambia kwamba mambo ni kinyume, kwamba za meneja ndizo zangu, alisema kwa upole, kama unavyomsemesha mtoto anayedai ameliona zimwi, “Hilo ni dai zito.” Yote niliandika kwenye kompyuta ya Leanne, kwa jina la Leanne. Nina ushahidi gani? Kwamba nachekesha?

Nikaenda ofisini kwake. Hakunitazama. “Aki, nilishikwa na hofu. Ningewaambia nini? Kwamba miaka miwili sijaandika barua zangu mwenyewe?”

“Ndiyo,” nikasema. “Hilohilo.”

“Mimi nina vyeti viwili hapo ukutani, Aki.”

“Naviona.”

“Nafasi nyingine zitakuja, mpenzi.” Akanigusa mkono. Huku kila mtu ni mpenzi, usishtuke.

Sasa sikiliza nikuambie upumbavu wa ndugu yako. Siku ya pili akanijia na karatasi na kisahani cha biskuti. Familia ya chumba cha tisa wanalalamika, je, ningeweza kutupa jicho? Yaya, nililitupa. Nilikaa kwenye kiti chake nikamwandikia, na biskuti nikala. Nilikuwa kwenye treni, nimeshapita Blacktown, ndipo hasira zilipofika. Hata hasira zangu zinachelewa kama basi la Jumapili.

Lakini si basi. Agosti Helen anakuja kutoka Perth kwa siku ya kuzaliwa ya mama yake. Yeye ana barua za miaka miwili, anazijua kama uso wa mtu. Nitamwambia ukweli. Nikimsimulia habari moja tu ya mama yake kwa mdomo wangu, atanitambua, kisha atawaandikia makao makuu. Yeye ndiye shahidi niliyebaki naye.

Niombee.

Akilimali


Mount Druitt
1 Septemba 2024

Yaya,

Shikamoo. Hujajibu ile ya Julai. Nilipiga simu yako ya kitochi, imezimwa. Nilimpigia shemeji, akasema uko sawa, umelala. Saa nne asubuhi, umelala? Nikasema sawa.

Helen alikuja. Mwanamke mrefu, mikono kama ya mama yake. Alifika na keki, akamkumbatia Leanne mlangoni. “Wewe! Ni barua zako zilizonishikilia.” Leanne akaangalia juu ya bega lake, akaniona nimesimama na kigari cha vikombe. Akasema, “Ni kazi yangu tu.” Nilisukuma kigari changu nikapita.

Nilimngojea Helen kwenye maegesho. Nilikuwa nimejipanga kama siku ya harusi. Nikamsalimu, nikamwambia, “Leo mama yako alimzuia dereva wa mkate, akamwambia kwa mkono angoje watoto wapite. Dereva hana habari, lakini kweli alingoja, alikuwa anatafuta simu.” Akacheka. Kisha kicheko kikakatika. Akanitazama hivi, Yaya, kama mtu aliyesikia sauti ya redio ikitoka kwa mtu wa sokoni.

“Ni wewe,” akasema.

“Ni mimi.”

Nilingoja. Nilidhani sasa atanishika mkono. Nikamweleza ya nafasi ile, ya makao makuu, ya “kidogo.” Aliniacha nimalize. Kisha akauliza, “Zote?”

“Zote.”

“Ile ya usiku mama alipoanguka? Nilipokuandikia, nilipomwandikia Leanne mambo yangu, ya talaka yangu, ya kwamba nilimwacha mama hapa kwa sababu nilichoka naye? Nilikuwa namwandikia mwanamke mwenzangu, ofisini, mlango umefungwa. Ulisoma wewe?”

Nikasema ndiyo. Nilisoma, na nilijibu mimi.

“Hayo ya mama dirishani, yalitokea kweli?”

“Yote yalitokea. Nilikuwepo.”

“Basi kwa nini hukuweka jina lako?”

Yaya, lilikuwa swali lako la Machi, kwa Kiingereza. Alisema, “Mmenichezea, wote wawili.” Hakupandisha sauti. Akaingia kwenye gari. Na juu, dirishani, mama yake akainua mkono kumzuia asitoke, naye hakutazama, akaondoka.

Hatawaandikia makao makuu. Amewaandikia tu kwamba hataki tena barua, wampigie simu kukiwa na dharura. Leanne haongei na mimi, anaandika mwenyewe. “Mama mzima. Kala.” Na unajua, nilipoiona moja mezani nilisema moyoni, angalau hii inajulikana ni ya nani.

Nilikuwa nakuja kwako na hasira za kuibiwa. Sasa sijui nizipeleke wapi.

Jumapili iliyopita gari la wagonjwa liliingia bila king’ora. Bi. Dulcie akainua mkono. Dereva, kijana mwenye ndevu, akamwona kupitia kioo, akasimamisha gari. Kweli kabisa, akasimama, akangoja. Bi. Dulcie akatazama kulia, akatazama kushoto, akamruhusu kwa kichwa. Dereva akampigia saluti. Bi. Dulcie alikaa na kicheko mpaka chakula cha jioni. Habari nzuri hivi, na sina wa kumwandikia. Basi nimekuandikia wewe.

Nijibu, Yaya. Hata mistari miwili, hata ipande mlima.

Akilimali


Kigoma
6 Oktoba 2024

Akili mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa, na nakuambia kwa nini, ila mwishoni, nivumilie.

Ile ya Septemba ilipofika pale Helen anaposema “Basi kwa nini hukuweka jina lako,” nilisema acha, usiendelee. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nilikaa mpaka uji ukaungua. Ndipo nikarudi kusikia habari ya gari la wagonjwa, na nikacheka, nawe unajua sipendi kucheka nikiwa nimekasirika.

Huyo Leanne amekuibia, sitalipunguza hilo. Miaka miwili alikula jina lako, na ulipomhitaji kwa neno moja akatoa “kidogo.” Asiponiomba radhi mbele yangu sitamsamehe, na kwa kuwa hatakuja Kigoma, basi hivyo hivyo. Wewe acha kula biskuti zake.

Lakini Helen ni mwingine. Yule mkasirikie taratibu. Alivua nguo akidhani yuko na mwanamke mwenzake, kumbe nyuma ya pazia kuna Mister. Nawe hukuwa na nia mbaya. Mimi pia sikuwa nayo.

Jicho la kulia lilizima mwezi wa tano. La kushoto linaona mwanga na watu wanaosogea, siwatambui mpaka waseme. Daktari wa Tabora alisema amechelewa kuniona, nami nikamwambia nimechelewa kuonwa. Sikukuambia kwa sababu ungeuza kitanda uje. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nimekuandalia. Ya kweli ni nyingine. Ungejua kuna mtu anakusoma kabla yangu, ungeanza kuniandikia barua za adabu. Ungeacha ya biskuti. Nilitaka za ndugu yangu kama zilivyo, basi nikamwambia mwenzangu asiweke jina. Alikataa. Nikamsihi. Mtoto wa Mugisho, Akili! Nikamsihi mtu asiweke jina.

Kwa hiyo ile mistari uliyomwonyesha Cécile na kumshukuru Mungu haikuwa yangu. Hilo ndilo lililonizuia kukujibu tangu Julai, na likanikalisha kwenye ngazi.

Kasirika. Ukimaliza, mwandikie Helen ile ya gari la wagonjwa. Usimwombe kitu, usimtaje Leanne. Asipojibu, mwandikie nyingine. Na chini weka salamu ile yote, kama Papa. Kiingereza kitajibana, kitapata nafasi.

Nimeweka dole gumba, maana sahihi yangu sasa inatoka nje ya karatasi.

Dada yako,
Nsimire

Nami mwandishi, Médiatrice wa nyumba ya jirani, nakusalimu, Ndugu Akilimali. Ya Juni pia ni mkono wangu, na zako zote tangu ile ya Aprili nimemsomea mimi. Uniwie radhi. Ile ya kwaya niliisoma yote, kwa sauti, sikuruka neno.